Kupanda Mlima Tongwe: Tathmini ya Safari ya Siku Moja kutoka Tanga

Anayetoka Tanga mjini kwenda kuitazama ngome ya Mlima Tongwe, wilayani Muheza, asiende kwa kutarajia jengo. Kilichobaki kileleni ni kuta za mawe na chokaa ambazo msitu umekwisha kuzitwaa nusu, na mtu aliyezoea Ngome Kongwe ya Bagamoyo, ambayo bado ina vyumba vya kuingia na ngazi za kupanda, au ile ya Unguja pale Forodhani, anaweza kushuka akiwa amevunjika moyo kama hakuambiwa mapema. Thamani ya Tongwe ni pale ilipo. Ukifika juu ukatazama upande wa Mto Pangani, kisha ukaigeukia safu ya milima ya Usambara, huhitaji kuelezwa sana kwa nini mwaka 1853 Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliona ni lazima awe na askari wake hapo, mbali na bahari na mbali na mizinga ya merikebu zake. Kwa sababu hiyo naipendekeza safari hii kwa moyo wote, ingawa huduma tuliyouziwa mjini ina kasoro ambazo msomaji anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha zake.

Huduma ninayoizungumzia ni safari ya siku moja iliyoandaliwa na kikundi cha waongoza watalii cha mjini, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nia yangu ni kuieleza safari, wala si kumharibia mtu riziki. Tuliambiwa kwamba bei tuliyokubaliana inajumuisha gari la kutuchukua Ngamiani na kuturudisha jioni, mwongoza watalii mmoja, maji ya kunywa na chakula cha mchana. Tulikuwa kundi la kifamilia: mimi, shangazi yangu ambaye alifundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka alipostaafu, na wapwa wawili waliokuwa likizo. Gari lilifika kwa wakati, lilikuwa zima, na dereva aliendesha kwa adabu. Katika hilo sina la kulalamikia.

Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami tupu, barabara ile iendayo Segera, mwendo wa kilomita zipatazo 35, na reli ya zamani inaelekea upande uleule. Hiyo ndiyo reli ya kwanza kujengwa katika Tanzania Bara ya leo: Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Muheza mwaka 1896. Naitaja kwa sababu miaka hiyo itahitajika mbele kidogo. Baada ya Muheza mtu huiacha lami na kushika barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya mkonge, michungwa, minazi na mihogo, na ikiwa mvua imenyesha usiku, gari dogo litapata shida. Wasio na gari huweza kupanda basi katika stendi ya Kange, wakashuka Muheza na kuendelea kwa bodaboda, jambo ambalo ni la gharama nafuu lakini linachosha mgongo hata kabla ya mlima wenyewe kuanza.

Kijijini, chini ya mlima, desturi ni kupita kwanza katika ofisi ya serikali ya kijiji, kusalimia, kuandika majina katika daftari la wageni na kueleza nia ya safari. Ni desturi njema, na mgeni asiiruke, kwa sababu mlima huu una wenyewe: kuna msitu wa hifadhi, kuna mashamba ya watu, na kuna ngome ambayo wenyeji ndio wanaoiona kila siku. Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojitokeza. Mzee aliyetupokea alitukaribisha kwa ukarimu, kisha akatueleza kwa upole kwamba mchango wa kijiji haujalipwa na kwamba kila kundi la wageni huulipa kabla ya kupanda. Mwongozaji wetu wa mjini alijibu kuwa mchango huo haumo katika bei yake. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa, na tuliulipa papo hapo kwa furaha, kwa sababu fedha inayobaki kijijini ndiyo fedha ninayoiona ina faida kuliko zote katika safari za namna hii. Kilichoniudhi ni kwamba tuliuziwa safari kwa maneno ya "kila kitu kimo", na maneno hayo hayakuwa kweli. Mtu anapopanga safari aulize mapema, tena kwa kuandikiana, ni malipo gani yatakayodaiwa kijijini na nani atakayeyalipa.

Pamoja na mchango huo tulipewa mwenyeji wa kijiji, mwanamume wa makamo mwenye panga, gumbuti na utulivu mwingi, na nasema bila kusita kwamba yeye ndiye aliyeifanya siku ile kuwa na maana. Tangu hatua ya kwanza mwongozaji wa mjini alikaa nyuma yake, na hata yeye alikuwa akiuliza njia.

Njia inaanza kwa upole katikati ya mihogo na migomba, inapita kando ya nyumba chache ambazo wenyewe hutoka kusalimia, inavuka kijito, na baada ya hapo inaingia msituni na kuanza kupanda kweli. Tulianza kabla jua halijawa kali na tukafika juu kabla ya adhuhuri, kwa mwendo wa kupumzika mara kwa mara, maana shangazi alikuwa na fimbo yake na hakutaka kuharakishwa. Sehemu ngumu ni zile ambazo udongo mwekundu umeng'olewa na maji ya mvua na kuacha mizizi mitupu. Hapo mtu hushika mashina ya miti na kujivuta. Sehemu nyingine zimezibwa na vichaka kiasi kwamba pasipo panga hakuna njia. Ndani ya msitu tulisikia hondohondo wakivuma kwa mabawa yao mazito juu ya miti, na mara moja mwenyeji alitusimamisha tuwaone mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka kutoka mti hadi mti. Wapwa zangu, ambao hapo awali walikuwa wakilalamika kwamba simu hazishiki mtandao, hawakulalamika tena.

Jambo ambalo kila mgeni lazima alijue ni upupu. Mmea huu unaotambaa juu ya vichaka hutoa maganda yaliyofunikwa na vinyweleo vyenye rangi ya dhahabu iliyofifia, na vinyweleo hivyo vikimgusa mtu, au upepo ukivipeperusha tu naye akiwa amesimama chini yake, ngozi huwasha kiasi cha kumfanya avue shati njiani. Mwenyeji wetu aliuona kabla yetu kila mara. Alikuwa akiinua mkono kutusimamisha, anaangalia majani yanaelekezwa wapi na upepo, anauzunguka na kuukata kutoka upande unaotoka upepo, anausukuma mbali na njia kwa ubapa wa panga, kisha anasubiri mpaka wa mwisho wetu apite ndipo aende mbele tena. Hakuna kijitabu cha watalii kinachoweza kufanya kazi hiyo. Suruali ndefu, soksi zilizovutwa juu ya miguu ya suruali na shati la mikono mirefu ni mavazi ya lazima hapa, hata kama joto linamshawishi mtu vinginevyo, kwa sababu mbali na upupu kuna siafu wanaokatiza njia, na juu yao mtu huruka bila kusimama.

Tulipopumzika mara ya mwisho kabla ya kileleni, mwongozaji wa mjini alitoa maelezo yake ya historia, na hapa nina lawama iliyo nzito kuliko ile ya fedha. Alisema kwamba boma lile lilijengwa na Wajerumani wakati wa kutengeneza reli, ili wazungu wao wapate mahali pa kujificha wenyeji wakiwashambulia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia darasani:

"Mwanangu, Mjerumani alikuwa hajaja. Reli ilipofika Muheza, ngome hii ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini."

"Samahani mama," alijibu kijana yule kwa heshima, "sisi ndivyo tulivyoelezwa na waliotutangulia."

Nilimwonea huruma, kwa kuwa kosa halikuwa lake peke yake. Katika mkoa wetu kila ukuta wa zamani huitwa wa Mjerumani, kwa sababu Tanga mjini majengo mengi makubwa ya kale kweli ni ya enzi hiyo, na watu wamezoea kuitazama historia yote kupitia mlango huo mmoja. Lakini anayelipisha wageni ili awaeleze habari za mahali ana wajibu wa kuzijua habari hizo, na habari za Tongwe ni nzuri mno kuachwa zipotee kwa uzembe.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mwenye nguvu katika nchi hii alikuwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Kilindi, aliyetawala kutoka Vuga, juu katika Usambara ya Magharibi. Himaya yake ilishuka kutoka milimani, ikapita Ubondei, yaani nchi ya Wabondei iliyo kati ya milima na bahari, na kuufikia ukanda wa pwani. Wakati huohuo Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, alikuwa akiihesabu pwani yote ya Mrima kuwa yake. Kati ya Tanga na Pangani mamlaka hizi mbili zilikutana, na kwa muda mrefu ziliishi pamoja bila vita, kwa kuwa madiwani, yaani watawala wa miji ya pwani, walitambuliwa Vuga na Zanzibar pia: mmoja alikuwa na milima na watu wake, mwingine alikuwa na bahari na biashara yake. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa kwa njia za bonde la Pangani hadi mtoni na baharini, na kila aliyeweza kuziangalia njia hizo alikuwa na sauti katika biashara yote ya kaskazini mashariki. Kusini ya mto, Wazigua walikwisha kupata bunduki kutoka pwani mapema kuliko majirani zao, na mashambulizi yao yalianza kuitia wasiwasi nchi yote ya Ubondei.

Katika hali hiyo alitokea Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akitumikia chama cha kimisionari cha Uingereza. Alifika Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, na katika safari hiyo ya pili Kimweri alimkubalia kwamba wamisionari waje wajenge Tongwe. Mwaka uliofuata ngome ya Sultani ilisimama juu ya mlima huohuo. Sioni namna ya kuyasoma mambo hayo mawili kama yasiyohusiana. Sultani aliyesikia kwamba Wazungu wanapewa kilele kinachoitazama njia ya kwenda Vuga hakuweza kukaa kimya, na jibu lake lilikuwa la mawe. Kwa hiyo Mjerumani pekee anayeweza kuhusishwa na mwanzo wa ngome hii ni Krapf, naye hakujenga hapo hata ukuta mmoja.

Waliowekwa kuilinda walikuwa askari wa Kibulushi, watu waliotoka nchi za ng'ambo ya bahari ya Omani na ambao masultani wa Zanzibar waliwategemea katika vituo vyao vingi vya pwani. Mwezi wa Februari 1857, wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita Tongwe wakitokea Pangani kwenda kumwona Kimweri, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana. Seyyid Said mwenyewe alikuwa ameshafariki dunia mwezi Oktoba 1856, na Seyyid Majid ndiye aliyekuwa akitawala Zanzibar. Wasafiri wale walirudi Pangani wakashikwa na homa kali, na katikati ya mwaka huohuo wakaanza safari yao nyingine, ile ya kutokea Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, iliyowafikisha Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1858. Watu wengi wanaijua ile ya pili, na wachache sana wanajua kwamba Burton na Speke walianza kuizoea nchi hii kwa kupita kwenye mteremko ambao leo mtoto wa shule wa Muheza anaweza kuupanda kwa asubuhi moja.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake wanawe na wajukuu wake waligombania urithi kwa miaka mingi. Semboja, mmoja wa wanawe, aliiacha Vuga ya milimani na kujiimarisha Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara, kwa sababu nguvu ilikuwa imekwisha kuhama kutoka kwa mwenye milima kwenda kwa mwenye bunduki na biashara. Wabondei nao waliinuka dhidi ya watawala wa Kikilindi katika machafuko yanayokumbukwa mpaka leo kwa jina la Kiva. Haya yote shangazi aliyaeleza akiwa ameketi juu ya jiwe, na mwenyeji wetu wa kijiji aliongeza yale aliyoyapokea kwa wazee wake, hasa habari za Kiva, kwa namna ambayo iliwafanya wapwa zangu waanze kuuliza maswali. Nilitamani mwongozaji wa mjini angekuwa anaandika.

Ngome yenyewe inatokea ghafla. Mtu anakuwa bado anafikiri yumo msituni, kisha anagundua kwamba kile kilicho mbele yake, kilichofunikwa na mizizi, ni ukuta. Nilikaa muda mrefu mbele ya sehemu moja iliyo wazi kidogo. Mawe yamepangwa bila kuchongwa sana, makubwa kwa madogo, na katikati yake kuna chokaa iliyokauka ikawa ngumu karibu sawa na jiwe. Ukiiangalia kwa karibu unaona vipande vyeupe vidogo ambavyo havikusagika vizuri wakati wa kuchanganya. Chokaa ya pwani yetu huchomwa kutokana na matumbawe, na mlimani hakuna matumbawe. Nikafikiria mabega ya watu waliopandisha mizigo ile kwa njia ambayo mimi niliipanda na chupa ya maji tu, nikaona kwamba kazi yao peke yake inatosha kuifanya ngome hii istahili heshima zaidi ya inayoipata sasa.

Maana haipati heshima hiyo. Hakuna bango lolote tuliloliona, si chini wala juu, linalomwambia mgeni hapa ni wapi, nani alijenga na lini. Miti imeota ndani ya kuta, na mizizi inaendelea kuyapasua mawe polepole. Wageni wameandika majina yao kwa visu kwenye chokaa. Na kando ya ukuta mmoja tulikuta shimo lililochimbwa si zamani sana, lenye kina cha kiuno cha mtu, na udongo wake ukiwa umerundikwa juu ya mawe yaliyoanguka. Mwenyeji alitueleza kwamba huja watu kutoka mbali, wengine usiku, wakiamini kuwa Mjerumani alifukia mali yake pale kabla ya kukimbia vita. Nilipolisikia hilo ndipo nilipoelewa ubaya wa maelezo tuliyopewa njiani. Anayesimulia kwamba hili ni boma la Wajerumani, hata kama anasimulia kwa nia njema, anampa mchimbaji sababu ya kuja na jembe, kwa sababu hadithi za rupia, fedha ya enzi hiyo, zilizofichwa zimeshikamana na Wajerumani katika vichwa vya watu wengi. Ngome ilijengwa na Sultani, ikalindwa na Wabulushi waliokuwa mbali na nyumbani kwao, na hakuna Mjerumani aliyekimbia kutoka hapo akiacha sanduku.

Kuna sababu nyingine ya kuupigania mwaka 1853 usisahaulike. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu majengo na maboma yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu zinazolindwa, bila kusubiri yatangazwe moja moja. Tongwe iko ndani ya mpaka huo kwa miaka kumi. Jengo la enzi ya Wajerumani lisingeingia humo kwa umri wake tu. Kwa hiyo kijana anayebadilisha mwaka kwa kutojua anaiondolea ngome kinga yake katika akili za wanaomsikiliza, wakiwemo viongozi wa vijiji na walimu wanaoleta wanafunzi. Waandaaji wa safari hizi wakitaka kuboresha jambo moja tu, waanze na hili. Haligharimu chochote isipokuwa kukaa na mtu anayejua kwa muda wa alasiri moja na kuandika.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Mwongozaji wa mjini alitufungulia chipsi na kuku vilivyofungwa asubuhi, vikiwa vimepoa na kulainika, chakula ambacho mtu hula kwa sababu ana njaa tu. Tuliposhuka, mama mmoja jirani na ofisi ya kijiji alikuwa amewapikia watu wake wali wa nazi, maharage na kisamvu, akatukaribisha, tukalipia sahani zetu kwa bei ya kawaida, na shangazi akakubali kwamba kisamvu kile kilipondwa na kuiva kama inavyotakiwa. Anayepanga safari yake mwenyewe na aombe tangu siku ya kuagiza kwamba chakula kipikwe kijijini. Machungwa ya Muheza hayahitaji kuagizwa. Katikati ya mwaka yamerundikwa kando ya barabara, na wakati wa kurudi kila gari husimama.

Nikipima huduma kwa vipande vyake, usafiri ulikuwa mzuri, mwenyeji wa kijiji alikuwa bora kuliko tulivyotarajia, maji yalitosha, chakula kilikuwa hafifu, na maelezo ya historia ya mwongozaji wa mjini hayakustahili malipo. Nikirudi, nitakodi gari tu mjini, nitapitia ofisi ya kijiji, na fedha yote ya mwongozaji nitampa mtu wa hapohapo. Kwa shule zinazotaka kuwaleta wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, ushauri wangu ni kwamba mwalimu wa historia aje kwanza peke yake, apande, akae kileleni na ramani, na aangalie ni wapi pa kuwasimamisha vijana ili waone bonde la Pangani upande mmoja na milima ya Usambara upande mwingine kwa mara moja. Sehemu hiyo ipo, nje kidogo ya ukuta, ambapo miti imeachia nafasi, na somo zima la Kimweri na Seyyid Said linaweza kufundishwa hapo bila ubao.

Msimu wa kwenda ni ule wa kiangazi baada ya masika, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati njia ni kavu, anga ni safi na joto halijawa la kuchosha. Machi hadi Mei mtu asijaribu, kwa kuwa udongo mwekundu ule ukiloa huteleza na barabara ya vumbi hugeuka matope. Katika vuli inawezekana, ila aanze alfajiri ashuke kabla ya mvua ya mchana. Viatu viwe vya kushika ardhi, si kandambili wala viatu vya ngozi vya mjini, na kila mtu abebe maji yake mwenyewe, maana juu hakuna. Wenye matatizo ya magoti wataumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, na watoto wadogo ningewapeleka kwanza Tongoni, kando ya barabara ya Pangani, ambako makaburi ya nguzo na msikiti wa kale viko kwenye ardhi tambarare na mtu hufika kwa gari mpaka karibu.